Unayemcheka, Je, Utamzika?

SOMO LA VIJANA PAMOJA NA WAZAZI
Kusoma kwanza: Mithali 26:18-19, Walawi 19:14, Waamuzi 12:4-6, 1 Wafalme 18:20-29, Mathayo 27:27-31



Somo hili limetoka katika swali la vijana wa kikundi cha teatri, walipokuwa wakijitayarisha kwa sikukuu. Waliuliza: Je, Mkristo ana ruhusa ya kuchekesha watu kwa kuiga msemo wa kabila lingine? Kwa kuiga kiwete? Kwa kuiga mlevi, au pasta? Wazee wengine walijibu upesi kwamba kanisani hakuna kuchekesha kabisa. Vijana nao wakajibu upesi kwamba mzaha ni mzaha, na anayekasirika ana kiburi. Ninaona pande zote mbili zilikimbia kabla ya kufungua Biblia. Basi tuifungue.

MUNGU HAKUKATAZA KUCHEKA

Mtoto wa ahadi aliitwa Isaka, na maana ya jina hilo ni kucheka. Baba yake alicheka alipoambiwa atazaa akiwa na miaka mia (Mwanzo 17:17). Mama yake alicheka moyoni, amesimama mlangoni mwa hema (18:12). Mtoto alipozaliwa, Sara alisema kwamba kila atakayesikia habari hii atacheka pamoja naye (21:6). Shikeni neno hilo "pamoja". Kwa maana mistari mitatu mbele, katika sura ileile, kuna kicheko cha namna nyingine: mwana wa Hajiri anafanya dhihaka (21:9), na nyumba ya Ibrahimu inapasuka. Kicheko cha kwanza kilikusanya majirani kwenye karamu. Cha pili kilimalizika jangwani, mama na mtoto wanalia, kiriba kimekauka.

Bwana Yesu mwenyewe alisema maneno ya kuchekesha. Ngamia anayejaribu kupita katika tundu la sindano. Mtu anayechuja mbu katika kikombe chake, kisha anameza ngamia mzima. Mtu mwenye boriti jichoni anayeomba kumtoa mwenzake kibanzi. Mgalilaya aliyesikia hayo kwa mara ya kwanza alicheka, mimi sina shaka. Ni sisi tumeyasoma mara nyingi hata yamekauka kinywani. Lakini tazameni aliyachekea akina nani. Matajiri, waandishi, Mafarisayo, na sisi wenyewe tunaosikiliza. Hatusomi popote kwamba alimchekesha mtu kwa habari ya mwenye ukoma. Na yule kipofu wa Yeriko, ambaye mkutano ulimwambia anyamaze, Yesu alisimama, akaamuru aitwe.

"NILIKUWA NAFANYA MZAHA TU"

Mithali inamfananisha mtu fulani na mwenda wazimu anayetupa moto na mishale na mauti. Ni mtu gani huyo? Ni yule anayemdanganya jirani yake, kisha anasema alikuwa akicheza tu. Mstari unasema habari ya kudanganya, hilo ni kweli, lakini neno la kujitetea ni lilelile tunalolisikia kila siku, na lilikuwako kabla ya simu na WhatsApp. Maandiko hayaulizi mtupaji alikuwa na nini moyoni. Yanatazama mahali mshale umeangukia. Mshale uliotupwa kwa mchezo unaingia mwilini sawa na uliotupwa kwa hasira.

Sasa someni Walawi 19:14, mstari ambao watu wengi wanaupita. Torati inakataza kumlaani kiziwi. Ndugu, fikirini jambo hili! Kiziwi hasikii. Umemtukana, ameendelea na kazi yake, hajui lolote, hakulia, hakukosa usingizi. Basi kosa liko wapi? Liko hapa: yule hawezi kukujibu. Umemshambulia mtu ambaye Mungu peke yake anasikia kwa niaba yake, na ndiyo sababu mstari unamaliza kwa kusema tumche Mungu.

Ukiushika mstari huo kama taa, utaona Biblia imejaa michezo mibaya ya kuchekesha. Wafilisti walipolewa moyo walimtoa Samsoni gerezani awachezee (Waamuzi 16:25). Watu kama elfu tatu walikaa juu ya dari kumtazama kipofu ambaye hakuweza kuona nani anamcheka. Na katika Mathayo 27 askari walimfanyia Bwana wetu teatri kamili. Kulikuwa na vazi la mfalme, taji, fimbo ya mwanzi, maneno ya kusema, magoti ya kupiga, na kikosi kizima kimekusanyika kutazama. Pilato alikuwa ameamuru msalaba. Teatri waliiongeza wenyewe.

ELIA ALIMCHEKA NANI?

Kijana mmoja atasema: Lakini nabii Elia alidhihaki, na Mungu alikuwa upande wake! Ni kweli. Pale mlimani Karmeli aliwaambia manabii wa Baali wapige kelele zaidi, labda mungu wao ana shughuli, labda yuko safarini, labda amelala. Hayo ni maneno makali ya kuchekesha. Hesabuni basi waliosimama pale. Manabii wa Baali walikuwa 450, wenye kula katika meza ya malkia Yezebeli, na mfalme Ahabu alikuwa wao. Elia alikuwa mmoja, tena mwenye kutafutwa auawe. Alicheka kutoka chini kwenda juu.

Kicheko cha namna hiyo kimesaidia watu wengi. Wakati wa Mobutu, kikundi cha Mufwankolo kule Lubumbashi kiliwachekesha watu kwa Kiswahili cha mjini, katika radio na televisheni. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo juu ya mamlaka, na waliuweka katika kijiji chenye chifu wake. Watazamaji walikuwa na akili ya kutosha. Kenya, mwisho wa utawala wa Moi, vijana wa Redykyulass walimwiga Rais mbele ya televisheni, jambo ambalo zamani kidogo mtu angelifanya chumbani na mlango umefungwa. Lakini Tanzania, mwezi wa Mei 2020, polisi walimkamata mchekeshaji Idris Sultan kwa sababu ya video ambayo ndani yake anacheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Kwa hiyo tuwe waangalifu tunaposema kuchekesha kuwe na mpaka. Wakubwa wanalipenda sana neno hilo. Wanapenda mpaka upite mbele ya nyumba yao, na nyumba ya maskini ibaki nje.

Na sisi je? Kanisani kwetu tunaigiza hukumu ya Thysville, tarehe 3 Oktoba 1921, pale kamanda De Rossi alipomhukumu Nabii Simon Kimbangu kifo na viboko 120. Kijana anayecheza De Rossi huwa anafunga mto tumboni, anatembea kama bata, na watu wanacheka. Mimi sioni kosa. Yule alikuwa na bunduki, sheria na serikali nzima nyuma yake. Ninaomba jambo moja tu: tucheke ile hukumu, jinsi ilivyokuwa ya ajabu, jinsi jeshi zima lilivyomwogopa mtu aliyeomba na kuwaombea wagonjwa. Tusicheke ngozi yake wala pua yake. Siku tutakapomcheka kwa ngozi, tutakuwa tumechukua fimbo yake mkononi mwetu.

WAZEE WALIWEKA MPAKA

Nani alituambia kwamba mpaka wa mzaha ni jambo la Wazungu? Katika milima yetu babu anamwita mjukuu wake "mke wangu", naye mtoto anamjibu kwamba hamtaki mwanamume asiye na meno, na nyumba yote inacheka. Lakini mwanamume huyohuyo hawezi kutamka mzaha mbele ya mama mkwe. Anapita pembeni, macho chini. Mdomo ni uleule. Wazee walijua mzaha unakwenda kwa nani na unasimama wapi.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, jambo hili lina jina lake, ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882. Baadaye wakawa watani. Wajukuu wa waliouana wakapewa ruhusa ya kutaniana kwa maneno ambayo mgeni akiyasikia atadhani vita vimerudi. Wanyamwezi, waliobeba mizigo kati ya ziwa na pwani, walikuwa na watani njiani, na mtu alipofika kwa watani wake alikuwa na mahali pa kula na kulala.

Lakini utani haukuwa ruhusa ya bure. Kwanza, ni wa pande mbili: ninachokuambia leo utaniambia kesho, nami sina haki ya kukasirika. Tena, na hili ndilo kubwa, mtani ana kazi katika msiba. Anakuja kuwachekesha wafiwa ili wasife kwa huzuni, na mtani huyohuyo anashika kazi za mazishi. Yule aliyekucheka ukiwa mzima ndiye anayeingia kaburini kwa jembe. Mzaha wake una deni, naye analilipa kwa jasho.

Mfano tunao hata katika nsinsani yetu. Wamama wanapowashinda wababa kwa matoleo, wanatucheka bila huruma, wanatuuliza kama mifuko yetu imeshonwa. Hakuna baba aliyerudi nyumbani na jeraha kwa ajili ya hayo, kwa maana fanfare ikipiga tena tunaweza kurudi mbele na kuwacheka wao. Halafu wote tunakwenda pamoja kumwangalia mgonjwa.

Kwa hiyo vijana, hapa ndipo ninapoweka swali langu, na nimeliandika juu kabisa ya somo: huyu unayemcheka, utamzika? Akifiwa utakwenda kwake? Akigonga mlango wako usiku, utafungua? Kama jibu ni ndiyo, na yeye analijua, taniana naye. Kama hujawahi kula kwake, hujui jina la mtoto wake, na akifa utasikia tu kwa watu, basi maneno yako hayana deni lolote. Hayo wazee hawakuyaita utani.

SHIBOLETHI

Tuje sasa katika jambo la kuiga msemo, kwa sababu ndilo lililoleta somo hili. Watu wa Efraimu walikuwa na ulimi wao. Hawakuweza kusema "Shibolethi", walisema "Sibolethi". Bila shaka, wakati wa amani, watoto wa Gileadi walikuwa wakiwaiga na kucheka kisimani. Kisha vita vikaja, na katika vivuko vya Yordani ulimi ule ule ukawa hukumu. Waamuzi 12:6 inahesabu Waefraimu 42.000 walioanguka. Sisi wa mkoa huu hatuhitaji mwalimu kutufafanulia kivuko cha Yordani. Tunaijua bariera. Tunajua mtu anayeambiwa, "Sema neno fulani tukusikie."

Jirani zetu wa Rwanda walipitia jambo hili hadi mwisho wake. Radio RTLM ilianza kutangaza Julai 1993. Watu waliipenda kwa sababu ilifurahisha: muziki mzuri, hata wa Zaire, na watangazaji wanaocheka na kutaniana kama watu walioketi mahali pa kunywa. Kantano Habimana alijulikana sana kwa kuchekesha. Hata wengine wa wale waliotukanwa waliisikiliza. Gazeti la Kangura nalo lilichora katuni. Watu walicheka, na katika kucheka walizoea kuwaita jirani zao mende. Kuanzia Aprili 1994 radio ileile, kwa sauti zilezile za furaha, ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Mamia ya maelfu ya Watutsi waliuawa, pamoja na Wahutu waliokataa. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa huko Arusha iliwahukumu waanzilishi wawili wa radio hiyo na mwenye gazeti lile. Walijitetea kwa mengi, lakini makaburi yalikuwa yamekwisha kujaa.

Sisemi kwamba mzaha peke yake unaua. Hapa kwetu vita vimeletwa na mashamba, ng'ombe, siasa, na bunduki zilizotoka mbali. Tarehe 6 Oktoba 1996 wagonjwa na wauguzi waliuawa katika hospitali ya Lemera, na wale waliowaua hawakufika hapa kwa sababu ya kichekesho. Agosti 2004 huko Gatumba wakimbizi Wanyamulenge zaidi ya 150 waliuawa usiku katika kambi. Juni 2014 huko Mutarule watu wengine, zaidi ya 30, waliuawa, wengine wao wakiwa katika ibada. Ninayataja yote pamoja kwa kusudi, ili asiwepo mtu wa kusema shemasi analia upande mmoja. Lakini niambieni: baada ya kila tukio, si mlisikia mtu anacheka? Si mlisikia jina la dharau, lile tulilolijua tangu utoto kama mchezo, likitumiwa ili wafu waonekane si watu kamili? Mzaha haukushika panga. Ulifanya kazi ya mtu anayezima taa kabla ya mwizi kuingia.

Na Watwa? Nani katika makabila yetu makubwa hajawahi kusikia kichekesho cha Mtwa? Hapo makabila yote, hata yanayopigana, yanacheka kwa umoja. Walawi 19:14 inawahusu wao kabisa.

NANI ALINDE MPAKA HUO?

Sheria ya nchi ipo. Tangu tarehe 7 Juni 1966 kuna amri-sheria namba 66-342 inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila, na inahesabu maneno, alama za mwili na picha. Katiba ya 2006, kifungu cha 23, inampa kila mtu uhuru wa kusema, kwa kuheshimu sheria, utulivu wa watu na adabu njema. Ni vizuri. Lakini sheria inafika baada ya madhara, kama inafika. Hapa Lemera vijana wengi hawajaisikia hata mara moja.

Bunduki isiulinde. Tarehe 7 Januari 2015 watu 12 waliuawa mjini Paris kwa sababu ya katuni za gazeti la Charlie Hebdo. Picha zile ziliwaumiza wenye imani, hilo tunalielewa, lakini waliochukua silaha hawakumtetea nabii yeyote. Mtu ataniuliza habari za Elisha na wale dubu (2 Wafalme 2:23-24). Ni sura ngumu, nami sitajifanya kuwa ni nyepesi. Ninachokiona ni kwamba hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuwa dubu. Simon Kimbangu alikaa gerezani Elisabethville miaka thelathini, hadi kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951, na hakuwafundisha wafuasi wake kulipiza hata kofi moja.

Imebaki nani? Wanaocheka. Mchekeshaji anaishi kwa watazamaji wake. Mama mmoja akisimama katikati ya mchezo na kusema, "Wanangu, hapo hapana," mchezo umekwisha, bila polisi. Sauti ya dharau inapoingia katika simu yako, nawe huitumi kwa mwingine, imefia kwako. Bolingo, Mibeko, Misala: upendo, amri na matendo. Watu wanafikiri mzaha uko nje ya hayo matatu, kwa kuwa ni burudani.

KWA KIKUNDI CHA TEATRI

Baada ya kusikilizana na wazee, haya ndiyo tunayowaomba kwa sikukuu inayokuja. Mwigeni pasta, mwigeni na shemasi, hata namna yake ya kutangaza matoleo mara tatu. Sisi tuna mimbari ya kujibia. Mlevi aigizwe, lakini mtoto wake asifanywe kichekesho. Kiwete asiigizwe ila yeye mwenyewe akitaka kupanda jukwaani na kutucheka sisi, tunaopita bila kumsalimu. Na msemo wa kabila lingine uigwe tu ikiwa mtu wa kabila hilo yuko kati ya wachezaji, amesoma maneno pamoja nanyi tangu mwanzo, naye ana sehemu ya kuuiga msemo wetu. Tunao, jamani! Wengine wanautambua Kifuliru ndani ya Kiswahili chetu tangu neno la kwanza. Kama hakuna mtu wa namna hiyo aliye tayari kuingia katika mchezo wenu, basi mmekwisha kujua hali ilivyo, na fungu hilo litolewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Soma tena Mathayo 27:27-31. Ungekuwa askari wa mwisho katika kikosi kile, umechoka, hujui Yesu ni nani, ungefanya nini wenzako walipoanza kucheka?

2. Je, kuna mtu anayekutania nawe hukasiriki? Kwa nini? Mwingine akisema maneno yaleyale, mbona yanauma?

3. Wazazi wajibu mbele ya watoto wao: katika nyumba yenu mnatumia jina gani kwa majirani wa kabila lingine, mlango ukiwa umefungwa?